Maoni Yangu juu ya Hadithi Nne

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya hadithi nne nilizozisoma mwaka huu. Mimi si mwalimu wala si bingwa wa fasihi. Ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Husoma jioni baada ya kazi, na vitabu hivi nilivinunua kimoja kimoja kwa fedha zangu. Basi nitasema kama msomaji asemavyo na wenzake. Asiyekubaliana nami na ashike kalamu, tumsome katika toleo lijalo.

Sababu ya kuandika ni hii. Wako wakubwa wengi wanaozidharau hadithi za upelelezi, za ujasusi na za mapenzi, wakisema ni za kupoteza wakati. Mwanafunzi akikutwa nayo darasani hunyang'anywa, na hiyo ni haki, kwani darasani si mahali pake. Lakini hata akikutwa nayo Jumamosi alasiri chini ya mwembe, huambiwa akatafute kitabu cha maana. Nataka kuliuliza neno hilo. Kitabu cha maana ni kipi?

Kwetu Uganda swali hili si la mchezo. Wazee wetu wengi walikijua Kiswahili kuwa ni lugha ya askari, lugha ya kuamrishwa. Mwaka 1973 serikali ya kijeshi ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo lile halikuwafanya watu wakipende. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mimi nalifurahia jambo hilo. Walakini lugha inayomjia mtoto kwa njia ya amri na mtihani peke yake humwacha siku ile ile mtihani unapokwisha. Mtu huipenda lugha siku anapoisoma hata akasahau kwamba anajifunza. Na ni kitabu gani kimwezacho kumsahaulisha mvulana wa miaka kumi na sita, ila hadithi tamu?

Sasa nianze na Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotolewa mwaka 1960. Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya afya kisha ya magazeti, na hadithi yake ilishinda katika mashindano ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Tukumbuke kwamba shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1948, lilizihudumia Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar pamoja. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kitabu hiki ni cha pwani, hakituhusu. Tangu mwanzo kilikuwa chetu pia.

Habari yenyewe ni ya maiti inayoonekana penye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka sadaka zao. Wengi wako tayari kusema kwamba ni kazi ya mizimu. Bwana Msa, mvuta kiko, hakubali. Yeye huuliza maswali madogo madogo: nani alikuwa wapi, nani angefaidika, kitu gani hakiko mahali pake. Watu humfananisha na Sherlock Holmes wa Waingereza, na kweli wanafanana. Lakini Bwana Msa yumo kati ya watu wa Unguja, anajua salamu zao, adabu zao na hila zao.

Nilichokipenda ni kwamba kitabu hiki humlazimisha msomaji kufikiri. Nawashauri wanafunzi wafanye hivi: mkikaribia mwisho, fungeni kitabu, kila mmoja aandike katika karatasi jina la mwenye hatia na sababu zake, ndipo mwendelee. Mtaona ni wangapi waliokwenda kwa ushahidi na wangapi waliokisia tu. Nasi twahitaji zoezi hilo. Kitu kikipotea bwenini hakosekani wa kusema ni majini, wala hakosekani wa kumtaja mwenzake asiyempenda. Bwana Msa asingemsikiliza hata mmoja wao.

Kasoro zake nitazitaja. Mwendo wake ni wa polepole, wahusika huketi wakazungumza kurasa nyingi, na maneno ya Kiunguja yatamsumbua mtu wa bara asiye na kamusi karibu. Tena Bwana Msa ni hodari mno. Ningefurahi kumwona akibabaika mara moja.

Cha pili ni Kufa na Kupona, cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974. Hapa kiko hakuna, kuna bastola. Willy Gamba ni jasusi wa Tanzania. Karatasi za siri zinazohusu wapigania uhuru wa kusini ya Afrika zimeibiwa, naye anatumwa Nairobi akazitafute. Nilikianza Ijumaa usiku, na Jumapili asubuhi nilikuwa nimekimaliza. Sentensi zake ni fupi, magari yanakwenda mbio, na kila sura inaishia pale ambapo huwezi kuzima taa.

Kitabu hiki kina faida ambayo wanaokidharau hawaioni. Kilipotoka, Msumbiji na Angola zilikuwa bado chini ya Wareno. Zilipata uhuru mwaka 1975. Zimbabwe ilingoja hadi 1980, Namibia hadi 1990, na Afrika ya Kusini hadi 1994. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Kijana wa leo hakuyaona hayo. Akimsoma Gamba atapata kujua kwamba palikuwa na wakati ambapo karatasi chache zikipotea Dar es Salaam ziliweza kuwaua watu msituni, mbali sana na pale. Wengi husema Gamba ni James Bond aliyevaa ngozi nyeusi. Mimi naona ipo tofauti: Gamba anapigania uhuru wa watu ambao hata hajapata kuwaona.

Pamoja na hayo, katika vitabu vinne hivi ndicho ninachokiweka mwisho. Watu wanakufa wengi, nami nilipofunga kitabu sikumhuzunikia hata mmoja. Wanawake ni wazuri wote, na kazi yao kubwa ni kumpendeza shujaa au kumtegea mtego. Mwanafunzi msichana akikisoma atajitafuta humo asijione. Tena Gamba hana haja ya kuwaza sana, kwani penye shida bastola humjibia. Msomaji naye hatakiwi kufanya kazi yoyote ila kufungua ukurasa unaofuata.

Cha tatu ni Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Mwandishi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 akafariki mwaka 2020. Ukerewe ni kisiwa katika ziwa hili hili letu la Nyanza. Maji anayooga Rosa ndiyo maji yafikayo Entebbe na Jinja. Labda ndiyo sababu niliposoma habari za kijiji chao, mihogo yao na pombe ya baba yao, nilijiona niko nyumbani.

Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi, mtu mkali. Baba huyu anamchunga binti yake kwa fimbo: asizungumze na mvulana, asipokee barua. Hamwelezi lolote. Kisha Rosa anakwenda kusoma mbali, fimbo ikabaki nyumbani, naye hajui kujiongoza kwa akili yake mwenyewe. Yaliyompata sitayasimulia, ili nisimharibie asiyekisoma. Nasema tu kwamba ni mazito, na kwamba mwandishi hakuyaficha. Mwanzoni kitabu hiki kilikatazwa katika shule za Tanzania, na baadaye kikaja kusomwa humo humo kama kitabu cha masomo.

Kwangu hiki ndicho cha kwanza kwa ubora. Katika hadithi ya Bwana Msa yuko mpelelezi anayetuambia mwishoni nani ni mkosaji. Hapa mpelelezi hayuko, ni wewe msomaji. Ni nani aliyemharibu Rosa? Ni baba yake? Ni wanaume waliomdanganya? Ni walimu? Ni yeye mwenyewe? Niliwauliza rafiki zangu wawili waliokisoma, tukabishana mpaka chai ikapoa, na hatukupatana. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba karibu na mwisho misiba inafuatana upesi mno, hata huna nafasi ya kulia. Hata hivyo baba yeyote mwenye binti, na kila kijana mwenye dada, angefaidika kwa kukisoma.

Cha nne ni Siku Njema, cha Ken Walibora, cha mwaka 1996. Kijana aitwaye Msanifu Kombo, maarufu kwa jina la Kongowea Mswahili, anasimulia mwenyewe maisha yake. Mama yake ni mwimbaji wa taarabu huko Tanga. Mama anafariki, na kijana anafunga safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ni hadithi ya yatima na njia ndefu, nayo yagusa moyo.

Wako wanaosema kwamba methali zake zimezidi, kama chumvi mkononi mwa mpishi mpya. Kuna ukweli kidogo. Tena Kongowea hukutana na watu aliowahitaji kwa bahati nyingi kuliko nilizopata kuziona duniani. Lakini nataka wanafunzi wafahamu jambo moja: Walibora, aliyefariki mwaka 2020, hakuwa mtu wa pwani. Alikulia bara, magharibi ya Kenya, si mbali sana na mpaka wetu, na Kiswahili chake kikawa cha kutamaniwa hata na wa pwani. Kezilahabi naye alikuwa mtu wa ziwani. Basi yule anayesema kwamba Mganda, Mteso au Mwacholi hawezi kuandika Kiswahili kizuri, atuambie hao wawili waliwezaje.

Sasa narudi kwenye swali langu. Kwa ubora navipanga hivi: kwanza Rosa Mistika, pili Mzimu wa Watu wa Kale, tatu Siku Njema, na mwisho Kufa na Kupona. Walakini kama ningepewa mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hajapata kumaliza kitabu kimoja cha Kiswahili, ningevigeuza vyote. Ningempa Willy Gamba kwanza, maana atammaliza. Akishakimaliza atajua kwamba anaweza, na kujua huko hakuna mwalimu awezaye kumpa. Kisha ningempa Siku Njema, apate utamu wa maneno. Kisha Bwana Msa, ajifunze kupima ushahidi. Na akifika vidato vya juu ningempa Rosa Mistika, pamoja na mwalimu mwenye hekima wa kuzungumza naye. Ukimpa Rosa kwanza huenda asifike ukurasa wa kumi, na hatarudi tena kabatini.

Kwa hiyo nawaambia wakubwa wangu kwa heshima: kitabu kinachomfikisha kijana kwenye kitabu cha pili kina maana, hata kama chenyewe si kizuri sana. Na kwa vijana nasema: msikae na Gamba miaka minne. Mtu mzima anayesoma hadithi za bastola peke yake ni kama aliyejifunza kuogelea akabaki penye maji ya magoti.

Mwisho nina ombi. Mara ya mwisho nilipozuru shuleni niliangalia kabati la Kiswahili katika maktaba. Kuna vitabu vya sarufi, kamusi, na vile vya mtihani, vimechakaa kwa kushikwa. Hadithi za kujisomea ni chache mno. Nashauri kila mwanafunzi wa zamani atakayekuja siku ya mkutano wetu wa mwaka alete kitabu kimoja cha hadithi za Kiswahili, kipya au cha zamani, mradi kurasa zake zimetimia. Chama cha Kiswahili kivitunze, na kila atakayeazima aandike maoni yake, hata mistari mitano, yabandikwe mlangoni. Mimi nitaleta vyangu hivi vinne.

Mwalimu mmoja ameniuliza kama sioni hatari ya vijana kusoma habari za risasi na mapenzi. Namjibu kwamba habari hizo wanazo tayari katika simu zao, usiku kucha, bila kitabu na bila mwalimu. Afadhali wazipate katika Kiswahili safi, mchana, mahali ambapo mtu mzima aweza kuwauliza: je, wewe waonaje?

Nawatakia wanafunzi wote kheri katika mitihani yao, na usomaji mwema katika likizo.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani