MAONI: Mtaro mmoja wa faiba unatosha, mbona tuchimbiwe kila mwezi?

Ukipita mitaa ya Kimbo mjini Ruiru au Ngoingwa kule Thika, usishangae kukuta vijana wenye sururu wakichimba mtaro kando ya barabara. Ukiuliza utaambiwa, "Ni faiba hiyo, boss." Baada ya wiki chache kundi lingine linafika na kuchimba papo hapo. Hiyo nayo ni kampuni tofauti.

Sipingi faiba. Tangu kebo ya SEACOM ifike Mombasa kupitia baharini mwaka 2009, intaneti imekuwa ofisi ya vijana wengi. Wapo wanaoandikia wateja wa ng'ambo, wanaofunza watoto mtandaoni na wanaouza mitumba kupitia simu. Mwanafunzi wa MKU hapa Thika au wa JKUAT pale Juja anaihitaji kama kitabu. Kwetu sisi, waifai si ya kutazama filamu tu. Ni unga na kodi ya nyumba.

Na ni kweli pia kwamba faiba ya chini ya ardhi ni bora kuliko ile inayoning'inia kwenye nguzo za stima. Nguzo ikianguka au lori refu likinasa waya, mtaa mzima unakaa kando. Wapo pia wezi wanaoikata wakidhani ni shaba, kumbe ndani ni uzi wa kioo ambao hauna bei kwa muuza vyuma kuukuu.

Shida yangu ni jinsi tunavyochimbiwa. Msimu wa mvua uliopita, wachimbaji walikata paipu ya maji ya ploti yetu. Siku tatu tulinunua maji kwa mkokoteni. Hata tope halijakauka, kundi la kampuni ya pili likaja na kukata waya wa ile ya kwanza, jioni niliyokuwa nimalize kazi ya mteja. Nikakimbilia bando la simu, likaisha katikati. Mteja hakutaka hadithi, akampa mtu mwingine kazi. Nilipopiga simu kulalamika, kila upande ulinyooshea mwingine kidole.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mitaani kwetu mchimba mtaro huenda zake, anayetumbukia ni mama mboga na mtu wa boda.

Suluhu si ngumu. Mtaro uchimbwe mara moja, ulazwe paipu kadhaa, kisha kampuni yoyote ikodishe nafasi na kupitisha waya wake bila kuinua sururu. Katika kazi hii, pesa nyingi huishia kwenye kuchimba na kurudisha barabara, si kwenye waya wenyewe. Wakigawana gharama hiyo, hawatakuwa na sababu ya kutupandishia bei.

Najua kuna kampuni itakayosema, "Sisi ndio tuliochimba, kwa nini tumfungulie mpinzani?" Basi ilipwe kodi ya nafasi. Ushindani uwe kwa bei na huduma, usiwe kwa nani aliwahi na sururu. Mpangaji naye atachagua anayemfaa, badala ya kulazimishwa kampuni moja kwa sababu ndiyo iliyoelewana na landilodi.

Tatu City, hapo hapo Ruiru, ni mji uliopangwa kabla ya watu kuhamia. Wengi wetu tunaishi mahali nyumba zilitangulia, barabara na maji vikafuata. Ndiyo maana Kaunti ya Kiambu, ambayo barabara nyingi za mitaani ziko mikononi mwake, iweke sharti la mtaro mmoja kabla ya kutoa kibali. Kenya Kwanza iliahidi kilomita 100,000 za faiba katika manifesto ya 2022. Je, kila kampuni ikichimba kivyake, tutabaki na barabara kweli?

Nasi vijana tuache kuwaachia wazee mikutano ya mtaa. Wakija na sururu, tuwaulize maswali matatu: Kibali kiko wapi? Paipu za maji mmeonyeshwa zinakopita? Nani atarudisha barabara, na lini? Wasipokuwa na majibu, sururu zikae chini kwanza.