Ruhusa ya Msafiri Ina Mpaka: Elimu ya Watoto Tunaohama Nao



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu wasomaji, kila mavuno ya mahindi yanapomalizika hapa Ufipa, waumini wanaofika kwa kamati yetu ya msikiti kuomba barua za utambulisho huongezeka. Wapo waendao Mbala na Mpulungu kupitia Matai na Kasesya. Wapo wanaoteremka bandari ya Kasanga ili walivuke Ziwa Tanganyika kuelekea Kongo. Na wachache hufika mbali zaidi, hadi Muscat. Zamani aliyeondoka alikuwa baba peke yake. Siku hizi wengi huondoka na mke na watoto, na wanapoulizwa habari ya shule hujibu kwamba mtoto atasomeshwa nyumbani huko huko, kwa mwaka mmoja au miwili, mpaka watakaporejea. Jibu hilo ndilo tunalotaka kulitafakari wiki hii.

Hatuwalaumu wazazi hawa. Familia kukaa pamoja ni neema, na safari yenyewe haijapata kuwa adui wa elimu. Imamu Shafi (R.A.), aliyezaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria, alifiwa na baba yake angali mchanga, mama yake akahama naye kwenda Makka, ilhali hakuwa na mali ya kumlipa mwalimu. Imamu Bukhari (R.A.) alikwenda Hija akiwa kijana pamoja na mama yake na kaka yake, na wenzake waliporejea, yeye akabaki Makka kutafuta elimu. Lakini tuzingatie jambo moja: katika safari hizo elimu ilikuwa miongoni mwa makusudio. Mama wa Imamu Shafi hakumwambia mwanawe asubiri kwanza mambo ya dunia yatengemae.

Hapa sheria ya swala inatufunza. Msafiri ameruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne. Hata hivyo, katika madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huondokewa na ruhusa hiyo na hukamilisha swala zake. Ruhusa ilitolewa kwa sababu ya uzito wa njia, na aliyekwisha kutua mizigo hana tena uzito huo. Ikiwa siku nne zinatosha kumtoa mtu katika hukumu ya msafiri, vipi mzazi aliyepanga nyumba Mpulungu, akafungua duka na kununua vyombo, aendelee kusema kwamba mtoto wake hasomi kwa kuwa wapo safarini?

Nchi yetu nayo ina sheria zake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeitaja elimu miongoni mwa haki za mtoto. Kwa hiyo kumtoa mtoto darasani kimyakimya ni kosa, na ni kumfungia njia ya kurudi. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hupitia shuleni. Jina likishapotea katika rejesta, mtoto hurudi akiwa amewapita wenzake kwa kimo, nao wamempita kwa darasa. Wengi wa namna hiyo huona haya kukaa na wadogo, na mwisho huishia kwenye mitumbwi au kuuza dukani. Kwa binti, mara nyingi huishia katika ndoa ya mapema.

Basi anayelazimika kuhama afanye nini? Kabla ya kuondoka, amwone mwalimu mkuu, aombe uhamisho kwa maandishi, na achukue cheti cha kuzaliwa na matokeo ya mtoto. Akifika, atafute shule ya mahali hapo hata kama lugha ni ngeni: Kiingereza kule Zambia, Kifaransa kule Kongo. Watoto hujifunza lugha upesi kuliko sisi. Familia nyingi zilizorudi Oman kutoka Afrika Mashariki baada ya mwaka 1970 zilikuwa na watoto waliojua Kiswahili kuliko Kiarabu. Walisoma Kiarabu shuleni, na Kiswahili kikadumu majumbani mwao hadi leo.

Masomo ya nyumbani yaje kuongezea shule, na pale ambapo shule haijapatikana, yawe daraja la muda. Yawe na saa maalumu, daftari lenye tarehe, vitabu vya mtaala wetu, na mtu mzima mmoja anayewajibika. Baada ya Alfajiri isomwe Qur'an. Kisha hesabu, kusoma na kuandika. Safari yenyewe ni ubao. Mtoto apewe kubadili shilingi kuwa kwacha. Aulizwe kwa nini hapa Malangali tunaelekea kaskazini, tukiegemea kidogo mashariki, tunaposwali, ilhali aliyeko Muscat huelekea magharibi. Atakayelijibu swali hilo kwa kuchora ramani amesoma jiografia na dini kwa pamoja.

Wapo wanaoona afadhali mtoto abaki kwa bibi yake. Kwa aliyekaribia mtihani, huo unaweza kuwa uamuzi wa busara, iwapo bibi ana nguvu na matumizi yanatumwa bila kukatika. Kwa mdogo, kuwakosa wazazi miaka miwili nako ni hasara. Mume na mke washauriane, na mtoto mwenyewe asikilizwe.

Sura At-Tahrim, aya ya 6, imetuamuru kuzilinda nafsi zetu na watu wetu. Ulinzi huo hausimami mpakani Kasesya. Kwa sababu hiyo, ndugu zetu, anayekuja kuomba barua ya utambulisho kwa safari ya familia aje pia na barua ya uhamisho ya kila mtoto. Hatutaki kumzuia mtu riziki yake; tunataka riziki hiyo isinunuliwe kwa elimu ya mtoto.

Allah (S.W.) awahifadhi wasafiri wetu, awarudishe salama, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.