Hodi Kwanza, Karibu Baadaye

Wapo wasemao kwamba faragha ni fikra ya kigeni, na kwamba asiye na kosa hana la kuficha. Sisi walimu wa Kiswahili twalikataa neno hilo. Lugha yetu ina hodi: mgeni hubisha, husubiri, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Je, mwenye nyumba asiyeitikia ana kosa gani?

Jirani zetu wa Kenya waliandikishwa Huduma Namba mwaka 2019, ilhali sheria ya kulinda habari zao ilipatikana Novemba mwaka ule ule. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanya vinasaba vyao; na tarehe 14 Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa madhara yake kwa faragha hayakupimwa kwanza.

Basi kila mswada uletwao katika nchi zetu tuuulize: wabisha hodi, au wavunja mlango kisha waomba radhi? Radhi haiujengi mlango. Nasi tuanzie shuleni: maradhi na umaskini wa mwanafunzi si habari za kubandikwa ukutani.