Kutunza Siri ya Aliyekuamini

Hapa Kirongwe, kisiwani Mafia, watu tunafahamiana. Mama akienda zahanati asubuhi, kabla ya adhuhuri sokoni wamekwisha kujua kuwa amekwenda. Wasilolijua ni lile lililosemwa ndani. Hilo ndilo sisi wauguzi tumekabidhiwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inatutaka tutunze siri ya majibu ya vipimo, lakini hata pasipo sheria tungejua: mgonjwa akihofu kuwa siri yake itatoka, haji, na asipokuja, hatibiwi.

Mwezi huu tumtazame Mtanzania ambaye kazi yake si uuguzi, lakini ilimfikisha kwenye swali hilo hilo. Ni ndugu Maxence Melo, mhandisi kwa elimu yake. Mwaka 2006, pamoja na mwenzake Mike Mushi, alianzisha baraza la mazungumzo kwenye intaneti lililoitwa Jambo Forums. Mwaka 2008 likabadilishwa jina na kuwa JamiiForums. Humo watu walizungumza kwa Kiswahili juu ya siasa, ndoa, kilimo na malezi. Walizungumza pia juu ya rushwa na ubadhirifu, na wengi walitumia majina ya kubuni.

Kwa nini wajifiche? Sisi tunaoishi kisiwani hatuhitaji kuelezwa sana. Karani akiona fedha za umma zinaliwa, mwenye kuzila huenda ndiye bosi wake, au mjomba wa mumewe. Akisema kwa jina lake, kesho hana kazi. Akinyamaza, zahanati haina dawa. Jina la kubuni humpa mahali pa kusemea.

Lakini mwenye baraza alilipa gharama. Februari 2008 Melo na Mushi walikamatwa na polisi, na kompyuta zao zikachukuliwa. Tarehe 13 Desemba 2016 Melo alikamatwa tena. Polisi walitaka majina na taarifa za watumiaji walioandika tuhuma juu ya makampuni, naye alikataa kuwataja. Akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa kuzuia upelelezi. Alikaa mahabusu hadi Desemba 19, alipopata dhamana.

Kesi zilikuwa tatu, zikaendelea kwa miaka. Katika moja aliachiwa huru mwaka 2018. Mwaka huo huo zilitoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zilizodai leseni ya shilingi 1,000,000, mbali na ada za maombi na za kila mwaka. Mwezi Juni baraza likafungwa kwa muda. Mwaka 2019 Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, yenye makao yake New York, ilimtunuku tuzo ya uhuru wa habari. Tarehe 8 Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani katika kesi nyingine: faini ya shilingi 3,000,000 au kifungo cha mwaka mmoja. Mushi aliachiwa huru. Na Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90.

Wako watakaouliza: je, kinyago hakimfichi pia mwongo na mchongezi? Kinamficha. Mtu aliyesingiziwa ana haki yake, na polisi wana kazi yao. Ndiyo maana jambo hili ni zito. Hata sisi wauguzi tunajua kuwa siri ina mipaka: mtoto akiletwa na majeraha ya kupigwa, hatunyamazi. Lakini kufungua siri kwa sababu nzito, kwa njia inayoeleweka, ni tofauti na kuitoa kwa kila anayebisha hodi. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sasa anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda.

Akina mama wenzetu, huenda hatutaongoza kampuni ya mtandao, lakini wengi wetu tunaongoza vikundi vya WhatsApp: cha kikoba, cha wazazi wa shule, cha kwaya. Humo nasi tumeaminiwa. Basi tushike haya:

Dada akituandikia faraghani kuhusu ndoa yake, ujumbe wake usihamishwe kwenda kikundini, hata kwa nia ya kumwombea, mpaka akubali mwenyewe.

Picha ya mgonjwa aliye kitandani, au ya kadi yake ya kliniki, isipigwe wala kutumwa.

Mwanakikundi akituambia kuwa hesabu za kikoba haziendi sawa, tuzikague hesabu. Tusianze kwa kumtangaza aliyesema.

Na habari mbaya ya mtu isiyo na ushahidi iishie kwetu.

Vijana wetu wanaosomea kompyuta wafundishwe mapema kwamba kazi hiyo si mashine peke yake. Nyuma ya kila jina la kubuni yuko mtu mwenye watoto nyumbani, aliyesema kwa sababu aliamini kuwa hatatajwa. Tukutane mwezi ujao.