Kabla ya Kuziba, Tujue Tutazibuaje

Kisima cha mafuta kikishazeeka, mara nyingi hutoa maji mengi kuliko mafuta. Maji hukimbilia nyufa na matabaka yanayopitisha kwa urahisi, mafuta yakabaki nyuma. Tiba mojawapo ni jeli: poliakrilamaidi, ambayo ni polima, huchanganywa na kromiamu, ikasukumwa chini ingali majimaji, kisha ikaganda mwambani. Kampuni ya Marathon iliikuza mbinu hii miaka ya 1980 na kuitumia katika bonde la Big Horn, Wyoming, Marekani, na mafuta yakaongezeka.

Jeli yenyewe hatuipingi. Tunachokipinga ni mazoea ya kuisukuma bila mpango wa kuitoa, kwa maana ikipotea njia huziba mapito ya mafuta yaleyale tuliyoyafuata.

Hapo ndipo hipokloraiti ya sodiamu huitwa, ileile iliyomo katika dawa ya kung'arishia nguo. Hukata minyororo ya polima, jeli ikarudi kuwa majimaji. Katika chupa ya maabara kazi hiyo ni nyepesi. Mwambani dawa huishiwa nguvu karibu na kisima, huku ikila chuma cha mabomba. Tena ikishatoboa kijia kimoja, yote inayofuata hupita humohumo, na jeli ya pembeni haiguswi. Asidi ya haidrokloriki nayo huisinyaza tu bila kuivunja.

Lipo jambo zito zaidi, na halisemwi vya kutosha. Kromiamu ya jeli ni ile ya hali ya tatu ya oksidisho, yenye sumu ndogo. Hipokloraiti inaweza kuigeuza kuwa ya hali ya sita, inayosababisha saratani, nayo ikapanda juu pamoja na maji ya kisima. Wafanyakazi wanaoyapokea maji hayo wana haki ya kuambiwa kabla, na maji yapimwe.

Uganda, ambako mradi wa mafuta wa Tilenga umepangiwa kusukuma maji ardhini ili kudumisha mgandamizo, na ambako jeli huenda ikahitajika baadaye, bado kuna nafasi ya kuanza vizuri.

Kwa hiyo tunadai hivi: kabla pampu haijawashwa, jeli ijaribiwe ndani ya kipande cha mwamba wa kisima hichohicho, kwa joto lake, ijulikane inavunjwa na nini na mwamba unarudisha upitishaji wake kwa kiasi gani. Kuanzia toleo lijalo la jarida hili, ripoti ya jeli isiyo na kipimo hicho hatutaichapisha.