Itashika Tu

Katika maneno yote niliyowahi kuyasikia chini ya mwembe wa mafundi, hakuna lililonitia hasara kama hili: "Itashika tu, mzee." Husemwa kwa upole, msemaji akijifuta mikono kwa tambara, nasi wenye magari hulipokea kwa furaha kwa sababu bei yake ni nafuu. Nakusudia kulipiga vita neno hili, na nitaanza kujipiga mwenyewe, kwani nililinunua mara mbili.

Gari langu ni Toyota Corolla kuukuu. Siku moja jiwe lililochomoza katika njia ya mtaani kwetu liligonga sampu, lile bakuli la bati lililo chini kabisa ya injini ambamo oili hukaa. Bati likabonyea na kufanya ufa mwembamba kama unywele. Fundi wa kwanza alisugua kipande cha sabuni juu ya ufa, akasema itashika. Sabuni yaweza kuziba tundu la tangi la petroli ukafika nyumbani, lakini oili ya injini hupata moto mkali, na sabuni haistahimili moto. Ilidumu siku mbili. Fundi wa pili alipaka gundi ya chuma juu ya bati lililokuwa bado limelowa oili. Nayo ikabanduka.

Hata hivyo, si oili iliyomwagika iliyoniamsha. Siku ile ya gundi, fundi aliinua gari kwa jeki juu ya mchanga, bila kitu kingine cha kulishikilia, akamwamuru mwanagenzi wake aingie chini. Alikuwa kijana ambaye hata ndevu hajaota. Mimi nilisimama kando nikitazama saa. Kijana alipotoka kufuata msasa, jeki ilizama upande mmoja, ikalala, na gari likashuka pale pale kilipokuwa kifua chake. Fundi alicheka. Nami nilicheka. Kicheko changu hicho ndicho kinachonifanya niandike haya.

Wapo watakaosema: "Ndugu, sisi hatuna vifaa. Wenye karakana kubwa wana mashine za kuinulia magari; sisi tuna jeki na Mungu." Hoja hii naiheshimu, kisha naikataa. Sampu ile niliibadilisha mwenyewe, nyumbani, kwa zana zinazoenea katika ndoo moja: spana ya 14 ya kufungulia boliti ya kumwagia oili, soketi ya 10 na mpini wake, spana za bomba la ekzosi, nyundo ndogo, kisu butu chembamba, karai na matambara. Kilichokuwa kimepungua chini ya mwembe si chuma. Kilichopungua ni subira, na subira haiuzwi dukani.

Tuanze na kuinua. Jeki ni ya kuinulia, si nguzo. Nilitafuta mahali pagumu na tambarare, nikapigilia mbao nene kwa ngazi, nikapandisha magurudumu ya mbele juu yake. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka gari katika gia, nikaziba magurudumu ya nyuma kwa magogo mbele na nyuma. Kisha nikalisukuma kwa nguvu zangu zote kabla ya kuingiza hata mkono. Sikutumia tofali la saruji, maana tofali hupasuka bila kuaga. Mbao zile zilikuwa masalio ya paa. Nani atasema umaskini ulimzuia kuokota ubao?

Kisha kufungua. Bomba la mbele la ekzosi lilipita chini ya sampu, na nati zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Mwenye haraka angezipiga nyundo na kuzivunja. Mimi nilizilowesha oili nyepesi usiku kucha, asubuhi zikanitii. Boliti ndogo za sampu zapata ishirini. Nilipozitoa zote, sampu haikuanguka, kwa sababu gundi ya zamani ilikuwa bado imeing'ang'ania. Nilipenyeza kisu taratibu pembezoni. Bisibisi ingefanya kazi hiyo upesi zaidi, na ingechimba ukingo wa injini hata uvuje daima.

Hapo ndipo neno "itashika" liliponivulia nguo zake zote. Ndani, bati lililobonyea lilikuwa limepanda hata kukaribia kugusa chujio ambalo pampu hufyonzea oili. Taa nyekundu ya oili iliyokuwa ikinikonyeza kila nilipopanda mlima ilikuwa ikisema kweli. Hata kama gundi ya fundi ingeshika miaka kumi, injini ingekufa kwa kiu huku nikijisifu kwamba haivuji tena. Kiraka kilikuwa kikificha ugonjwa.

Sampu niliyonunua ilikuwa imeshatumika. Niliilaza kifudifudi juu ya kioo cha meza nikaona ukingo wake umenyooka. Nikasafisha pande zote mbili mpaka zikakauka, nikapaka uzi mwembamba wa silikoni. Inayozidi huchuruzikia ndani, ikakatika na kuziba chujio. Boliti nilizianza zote kwa vidole, kisha nikazikaza kidogo kidogo kwa kupishanisha pande, nikishika mpini karibu na kichwa chake ili nguvu isizidi. Jirani alinihimiza nikaze mpaka zigome. Boliti nyembamba kama zile hazigomi, hukatika. Nilisubiri hadi kesho yake kabla ya kutia oili. Ile chafu niliihifadhi katika dumu lenye kifuniko, nikaipeleka gereji wanakoikusanya katika mapipa, wala sikuimwaga mtaroni, maana mitaro yetu huelekea kwenye visima vyetu.

Nimelaumiwa kwamba nimewanyima mafundi riziki. Sivyo. Sikushika spana ili nimdharau fundi. Nilishika nikagundua kwamba kazi niliyomtaka aimalize kwa saa moja huchukua siku mbili. Nani basi aliyelizaa neno "itashika"? Ni sisi, tunaopunguza bei mpaka fundi hana budi kupunguza kazi. Tunamlipa kiraka, kisha tunamtukana kwa kutupa kiraka. Fundi anayekataa kubandika na kudai siku mbili tunamwita mwizi, tunahamia kwa mwenzake mwenye sabuni.

Mtaka cha mvunguni huinama, walisema wazee. Mimi nilitaka cha mvunguni, nikamwinamisha mtoto wa mwenzangu. Tangu siku ile nimeweka sharti: kazi ambayo mimi mwenyewe nisingethubutu kulala chini yake, kwa jinsi gari lilivyoinuliwa, simlipi mtu yeyote aifanye. Mbao zangu zingali ukumbini, na jirani yeyote anazo ruhusa kuziazima. Nawe ukiambiwa tena itashika, usiulize bei kwanza. Uliza itashika juu ya kifua cha nani.