Kona ya Maneno: Mavuno Mazuri, Mwaka Mbaya

Lebo ya chupa ya divai huwa na maneno machache, na machache hayo ndiyo yanayotutoa jasho. Kuna jina la shamba, ambalo halitafsiriwi. Kuna neno la kusema kwamba zabibu za aina mbalimbali zimekutanishwa. Kisha kuna mwaka. Safari hii tumechukua divai nyekundu za Ridge, shamba lililo juu ya mlima wa Monte Bello, kusini mwa ghuba ya San Francisco, na tumechagua mavuno ya 2013, ambayo wajuzi wa divai za California huyahesabu miongoni mwa bora kabisa.

Wengi chamani hawanywi, kwa dini au kwa hiari, na kona hii haimbembelezi mtu. Maneno hayaleweshi.

Tutasema divai. Mvinyo, neno tulilopewa na Wareno, kwa masikio ya wengi wetu hubeba hata vileo vikali, na waini tunaliachia baa.

Tuanze na lile la kukutanisha zabibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasema "mchanganyiko" na kuweka kalamu chini. Ridge wenyewe wanatuonyesha kwamba neno moja halitoshi, kwa sababu wanafanya kazi mbili tofauti kabisa.

Kazi ya kwanza inafanyika kule mlimani. Mizabibu imegawanywa vipande vipande, na divai ya kila kipande hutengenezwa peke yake. Majira ya baridi baada ya mavuno, waonjaji huketi mbele ya bilauri zisizo na majina na kuamua kipande kipi kiingie katika divai kubwa iitwayo Monte Bello. Cabernet Sauvignon ndiyo yenye sehemu kubwa. Merlot, Petit Verdot na Cabernet Franc hutiwa kadiri zinavyohitajika. Kipande kisichochaguliwa hakimwagwi: huenda kwenye divai ya bei nafuu zaidi ya shamba hilohilo. Huu ndio mchanganyiko hasa, kwa maana mtu mzima mwenye akili zake ameamua nini kikae na nini.

Kazi ya pili iko kaskazini, wilaya ya Sonoma, katika mashamba ya Geyserville na Lytton Springs. Huko uamuzi ulifanywa zamani na watu waliokwisha kufa. Wakulima wa zaidi ya miaka 100 iliyopita walipanda Zinfandel, Carignane, Petite Sirah na nyingine ndani ya shamba moja, bega kwa bega. Sehemu kubwa ya zabibu hizo huvunwa pamoja na kuchachushwa pamoja. Zinfandel huleta utamu wa tunda lakini huiva kwa fujo, punje moja mbichi na jirani yake imeanza kunyauka. Carignane huleta uchachu, na Petite Sirah rangi nzito. Mwaka ambao moja imeharibika, nyingine humfichia mkulima aibu.

Sasa, nani kati yetu hajui jambo hili? Bibi zetu waliopanda mahindi na kunde shamba moja hawakungoja mtu wa California. Kilimo mseto tunacho, na mseto wa chakula tunao: mchele na choroko ndani ya sufuria moja, vikiiva pamoja mpaka huwezi kuvitenganisha tena. Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba Geyserville ni divai ya mseto, na Monte Bello ni divai ya mchanganyiko. Wakenya watakumbuka serikali ya mseto na watacheka. Wacheke, lakini ile ilikuwa mchanganyiko: kila upande ulijua mpaka mwisho mawaziri wake ni akina nani.

Tofauti hii ina uzito hata kisheria. Nchini Marekani leo, chupa haiwezi kuitwa kwa jina la aina moja ya zabibu kama aina hiyo haikufika asilimia 75. Geyserville, iliyotengenezwa na Ridge kwa mara ya kwanza 1966, mara nyingi haifiki, basi huitwa kwa jina la mahali tu. Mseto umekataa kuhesabiwa.

Tuje kwenye mwaka, na hapa ndipo tulipobishana zaidi. Wajuzi wakisifu divai ya 2013, sentensi inayotujia haraka ni "2013 ulikuwa mwaka mzuri". Hebu imwambie mkulima wa Kiswahili popote alipo. Mwaka mzuri kwake ni mwaka wa mvua. California, 2013 ulikuwa mwaka mkavu kuliko miaka yote iliyokuwa katika kumbukumbu za mvua za jimbo hilo. Januari 2014 gavana Jerry Brown alitangaza hali ya dharura. Baadaye mwaka huohuo visima vya East Porterville, mji mdogo wa wafanyakazi wengi wa mashambani, vilikauka nyumba baada ya nyumba, na watu wakawa wanaogea maji ya ndoo na kunywa ya chupa za msaada.

Ukame huohuo ndio uliosifiwa mezani. Mzabibu wenye kiu hutoa punje ndogo, na punje ndogo ina ganda jingi kwa maji machache. Rangi imo gandani, na imo pia ile hali ya kukaza ulimi ambayo watu wa divai wanaipenda kupita kiasi. (Hiyo tusiiundie neno. Aliyewahi kung'ata ndizi mbichi anajua ukakasi.) Mizabibu mikongwe ya Sonoma ina mizizi iliyokwenda chini sana, nayo ilivumilia. Visima vya East Porterville havikuwa virefu hivyo.

Ndiyo maana tunakataa "mwaka mzuri" na kuchagua "mavuno mazuri". Mavuno ni ya shamba fulani na mwenye nalo. Mwaka ni wa watu wote. Dodoma inatuunga mkono kwa njia nyingine: kule mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukiandika mwaka peke yake kwenye chupa umesema nusu ya habari. Neno "mavuno" linafaa Dodoma na Sonoma pia.

Ridge wana desturi moja tunayoipenda kuliko divai yenyewe, nayo ilianza na mavuno ya 2011: huandika nyuma ya chupa kila kilichotiwa ndani. Zabibu zilizovunwa kwa mkono, chachu ya asili, salfa kidogo. Katika baadhi ya mavuno, kwenye divai za Zinfandel, orodha hutaja kitu kimoja zaidi: maji. Zabibu zilizokaushwa na jua zina sukari nyingi mno, basi hurudishiwa maji kiasi, asilimia ikaandikwa wazi. Hapo hatukuhitaji kamusi.

Kuhusu ladha tuna machache. Waliokuwa na ruhusa ya dhamiri walionja Geyserville na kusema inanukia matunda meusi yaliyopikwa, ukakasi wake wa wastani. Monte Bello haikuonjwa, kwani chupa moja inapita dola 150 na mweka hazina wetu ni mtu mwenye msimamo.

Mwenye pingamizi juu ya "mseto", au mwalimu aliye na neno la bilauri ya kuonjea, atuandikie kabla ya toleo lijalo. Zamu ijayo ni ya jibini.